Masomo ya Gita Ghalani

Wiki iliyopita tulikuwa tukitoa mahindi ghalani ili yapigwe mashine, na mimi ndiye niliyepanda ndani kusukuma yale ya mwisho kwa miguu. Vumbi la magunzi makavu likaniingia puani, lile vumbi tamu linalokwaruza koo, nami nikasimama palepale. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vikaanza kujikunja vyenyewe, kimoja juu, viwili chini, kana kwamba vimeshika shingo ya gita. Mdogo wangu Nafula alikuwa chini akishikilia gunia wazi.

"Dada, umelala huko ama?"

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi na nne, nimekaa juu ya mbao za ghala hilohilo, simu yenye kioo kilichopasuka ikiwa imeegemezwa kwenye debe, na mikono miwili ya mtu nisiyemjua uso ikinifundisha kupiga gita kutoka Bungoma.

Wenzangu wa rika langu wakikutana huzungumzia bweni, mwalimu wa zamu, na maharagwe yenye wadudu. Mimi huwasikiliza na kucheka nao, ila sina langu la kuongeza hapo. Langu liko ghalani. Kwa miaka mingi nililificha kama mtu anayeficha kiraka cha nguo. Siku hizi sifichi. Nikihesabu vitu nilivyovifanya vikasimama, hicho ndicho cha kwanza.

Shamba letu liko ndani kidogo kutoka Kiminini, ukishaacha lami. Mama alituacha Nanjala akiwa bado anatambaa. Baba akamfuata miaka minne baadaye, msimu ambao ghala lilikuwa tupu na ardhi imelimwa ikingoja mvua. Tulibaki wasichana watatu: mimi, Nafula wa miaka tisa, na Nanjala wa miaka mitano. Hakuna aliyenifukuza shule. Siku ya kwanza nilibaki nyumbani kwa sababu Nanjala alikuwa na homa, ya pili kwa sababu ya kupanda, na ya tatu sikutafuta sababu tena. Sweta yangu ya darasa la nane, rangi ya damu ya mzee, ikabaki imetundikwa kwenye msumari.

Baba alikuwa mkulima, lakini kabla sijazaliwa alikuwa akiitwa kupiga gita kwenye harusi, Bungoma, Tongaren, hadi Kitale. Alikuwa na wimbo mmoja wa kwake mwenyewe, wa kusalimia watu wa kila mahali alipopita. Nyumbani aliupiga akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, na sijawahi kumsikia akiufikisha mwisho bila kukatizwa. Kila aliyepita barabarani alimsalimia kutoka nje ya ua, "Wanyonyi, umeamkaje!" naye angesimamisha vidole, ajibu, aulize habari za ng'ombe, kisha aendelee. Gita lenyewe lilikuwa la mbao ya kahawia, na pale mkono wake ulipolalia rangi ilikuwa imekwisha, pamebaki weupe wenye umbo la mkono.

Siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele na vitu vya marehemu kugawiwa. Kwetu, mpwa ana haki yake katika vitu vya mjomba wake, na siku hiyo ndiyo ya kuisema. Wafula, mtoto wa shangazi yetu, akasimama. Alikuwa kijana wa ishirini na kitu, fundi wa pikipiki mjini Kitale, na kila Jumapili alipiga gita la umeme kanisani.

"Mimi sitaki ng'ombe, sitaki shamba," akasema. "Naomba tu gita ya mjomba."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba Mdogo, aliyetoka Tongaren na ndiye aliyekuwa akiendesha mambo yote, akasema, "Hiyo ni haki yake. Na hapa kuna wasichana tupu. Nani ataipiga?"

"Mimi," nikasema.

Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe. Sijui sauti ilitoka wapi. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Ati nani?" na watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma ambacho ni kibaya kuliko cha dharau.

Wafula hakucheka. "Sista, usione vibaya. Gita ikikaa bila kupigwa inapinda shingo. Unajua hata kuishika?"

"Nitajua."

Baba Mdogo akanitazama. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu mtu wa haki huwezi kumbembeleza. "Sawa," akasema. "Msalaba wa kaka yangu tutausimamisha kaburini tukimaliza kuvuna. Siku hiyo, kama kuna mkono kwa hii nyumba wa kupiga ile wimbo yake, gita itabaki. Kama hakuna, Wafula aende nayo. Na hawa watoto wadogo pia tutaangalia siku hiyohiyo nani atakaa nao."

Nilielewa vizuri. Kwanza lingetoka gita, kisha Nafula, kisha Nanjala, na mimi ningebaki kama msumari usiotundikwa kitu. Kama ningeonyesha kwamba naweza kushika kitu kimoja cha baba kikashikika, labda wangeniachia na vingine. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa na sinia mkononi.

Katika simu ya baba kulikuwa na namba iliyoandikwa "Simiyu Gita". Nikaipiga.

"Wanyonyi!" sauti ikafurahi. "Umepotea bana!"

Ikabidi nimwambie kwamba baba amefariki. Akauliza mimi ni nani katika watoto, na ninataka nini. Nikamweleza gita, Wafula, na msalaba.

"Ile wimbo naijua," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nampigia gita ya pili. Lakini siwezi kutoka huku, niko Kibabii, kwa chuo kikuu, kazi haina likizo. Hiyo simu ya baba yako inaweza kuonana?"

"Inaweza."

"Basi tutaonana. Jumanne na Ijumaa, saa kumi. Ukishatoka shule."

Sikumrekebisha. Mtu wa chuo kikuu anakupa saa yake, wewe utamwambia uliacha darasa la nane? Jumanne ilipofika nilivaa sweta yangu ya shule juu ya nguo ya shambani, nikafunga kifungo cha juu, nikapanda ghalani. Hapo ndipo mtandao ulipofika vizuri, kwa kuwa ghala limejengwa juu ya nguzo, na upepo, na labda hata simu, hupita katikati ya fito. Na mvua ya alasiri ikinyesha, gita halikulowa.

Kioo kikawaka. Sikuona uso. Niliona mikono miwili na gita, basi. Mikono mipana, ukucha wa dole gumba la kulia mrefu na mgumu kama kijiko cha pembe, na ukingo wa mkono wa nguo nzito ya buluu wenye kifungo kinachong'aa. Nyuma yake kila mara chuma kililia, *ngwaa*, na sauti za vijana zikapita. "Mwalimu, sasa!" "Mwalimu, niaje!" Naye akajibu, "Poa, endeni msome."

Basi nikajua: huyu ni mhadhiri. Kile kifungo ni cha joho, na kile chuma ni kengele ya madarasa. Na kama haonyeshi uso wake, ni kwa kuwa wakubwa wa namna hiyo hawaonyeshi uso kwa kila mtu. Sikuona ajabu yoyote. Nilimsimulia Nafula, na Nafula akawaambia wenzake shuleni kwamba dada yake anafundishwa na profesa.

"Binti ya Wanyonyi, uko?"

"Niko, Mwalimu."

"Sisi tunapiga na vidole viwili pekee. Dole gumba ndiyo baba, hii ya pili ndiyo mtoto. Baba hatembei mbio. Anatembea tu, anatembea tu, hata mvua inyeshe. Mtoto ndiye anacheza. Umeskia? Kama baba anasimama, mtoto ataanguka."

Mwezi wote wa kwanza nilipiga dole gumba tu. Viganja vyangu vilikuwa na sugu za jembe, lakini ncha za vidole vya kushoto zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, na nyuzi zilizikata. Nilizichovya kwenye maji ya chumvi kabla ya kukamua ng'ombe. Siku moja aliniambia nisogeze mkono karibu na simu, akautazama.

"Hii mikono ni ya kazi."

"Tunalima shamba la shule, Mwalimu."

"Shule yenu inalima sana," akasema.

Nafula alitafuta chupa tupu ya soda na kijiko, akawa anagonga shingoni mwa chupa kufuata dole langu gumba, kama baba na rafiki zake walivyofanya. Nanjala alikaa mlangoni na kazi yake ilikuwa kupiga kelele kuku wakikaribia simu. Hivyo ndivyo darasa langu lilivyokuwa, na nawaambieni, sijaona mahali walipokaa wanafunzi wakimya kuliko sisi kile chuma kilipolia na ile mikono ikatulia juu ya nyuzi kabla ya kuanza.

Wimbo alinifundisha mstari kwa mstari. Alipiga mstari mmoja, akaondoa mkono kwenye nyuzi, akasema, "Ngoja." Tukangoja. Kisha akasema, "Haya," nami nikapiga mstari wangu. Nilipomaliza ilikuwa kimya tena, muda wa kuvuta pumzi mbili, halafu mikono yake ikasogea. Mstari, kimya, mstari, kimya. Kila Jumanne na kila Ijumaa. Sikuwahi kujiuliza ile "ngoja" ilikuwa ya nini. Baba naye alisimama kati ya mistari, si ndivyo nilivyomsikia maisha yangu yote? Nikaelewa kwamba wimbo huu umejengwa hivyo, kwamba una milango, na mpigaji hodari ni yule anayeuacha mlango wazi bila dole gumba kushikwa na wasiwasi. Nikaufanyia mazoezi ule ukimya kuliko nilivyofanyia mazoezi sauti. Nilijifunza kuuhesabu kwa chupa ya Nafula: nne, na nne tena, kisha mstari.

Mvua zikakatika, mahindi yakakauka. Tulipoanza kuvuna, nilianza kufukuzwa ghalani na mavuno yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikaa na mahindi miguuni. Wiki ya tatu nilikaa juu yake, kichwa kikigusa bati. Somo la mwisho nililifanyia mlangoni, miguu ikining'inia nje, nyuma yangu ukuta wa mahindi hadi juu. Mwalimu akausikiliza wimbo mzima.

"Hii netwaki inakukatakata sana," akasema, "lakini vidole viko. Jumamosi nitajaribu kufika. Sijaahidi."

Nilifurahi na nikaogopa. Profesa, kwetu! Nikamwazia akishuka kwenye gari jeusi.

Jumamosi ya msalaba niliamka kabla ya wengine wote. Kulikuwa na turubai la kufunga, viti vya kukodi, sufuria tatu kubwa, na wanawake waliokuja kusaidia wakiniuliza kila kitu: chumvi iko wapi, maji yatoke wapi, hizi kuku ni ngapi. Hadi jua linapanda nilikuwa nimejibu kwa kifupi hadi nikasahau kuogopa. Saa sita hivi, watu wakiwa wameketi na Baba Mdogo akiwa amesimama kuongea, soja mmoja, yaani mlinzi, akaingia kwenye ua. Koti zito la buluu, buti zenye vumbi, kofia kwapani. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye upara. Nilijua mwenye viti vya kukodi alikuwa amesema ataleta mtu wa kuvilinda.

"Karibu, Mzee. Soja wa viti anakaa huko nyuma, karibu na jikoni. Nitakuletea chai."

Akanitazama, akatazama lesso niliyojifunga na mwiko mkononi. "Sawa, mama," akasema, akaenda kukaa huko nyuma.

Baba Mdogo alikuwa akisema kuhusu sisi. Alisema vizuri, bila kuficha. Alisema huyu mkubwa aliacha shule darasa la nane, tangu kaka alipolala, na kwamba hajamwona akilala mchana hata siku moja. Nilikuwa nikimimina chai ya yule soja. Niliipeleka nikiwa nimeinamisha uso, kwa kuwa sikupenda habari zangu zisemwe mbele ya watu. Akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, na hapo nikaona ukucha wa dole gumba. Nikaona kile kifungo.

Nilikuwa nimeijua ile mikono kwa msimu mzima wa mahindi. Niliijua kuliko nilivyoujua uso wa mtu yeyote aliyebaki hai.

"Mwalimu?"

"Binti ya Wanyonyi." Macho yake yalikuwa madogo, mekundu ya kukesha. "Nimetoka zamu moja kwa moja. Mimi nilidhani wewe ni mama wa hapa."

"Na mimi nilidhani…"

"Najua ulidhani nini. Wale watoto wa chuo huniita Mwalimu juu ya gita. Mimi nafungua geti. Nilikuacha udhani, nikaficha na uso, nikasema msichana wa shule akijua anafundishwa na soja atakata simu."

Kengele yangu ya madarasa ilikuwa geti. Sauti ya Baba Mdogo ilikuwa bado inasikika kutoka chini ya turubai, na tulijua sote wawili amekwisha kusema nini.

"Na shule?" akauliza polepole.

"Hakuna shule, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya somo la kwanza."

Akanywa chai funda moja. Mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona anacheka, machozi yakiwa karibu. "Na sweta ulivaa kila siku! Hata siku ya jua kali! Mimi nasema hii shule ni ya nidhamu sana." Kisha akaweka kikombe chini. "Basi tuko sawa. Nenda uvue hiyo lesso. Wanakuita."

Walikuwa wakiita kweli, lakini walimwita Wafula kwanza. Baba Mdogo alisema ni haki watu wawasikie wote wawili. Wafula akalichukua gita, akalipapasa kwa heshima, akaupiga wimbo wa baba. Aliupiga vizuri. Sitasema uongo kwa sababu ni mambo ya zamani. Vidole vyake vilikimbia bila kukwaruza popote, akautoa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja, na watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Moyoni nilijua sina mwendo ule, na sitakuwa nao hata nikipewa ghala lingine.

Nikaketi kwenye kigoda. Nafula akaja na chupa yake bila kuitwa, akapiga magoti kando yangu. Dole gumba likaanza kutembea.

Mstari wa kwanza ukatoka safi. Nikainua mkono, nikangoja.

Chupa ikaendelea peke yake, *ting, ting, ting, ting*. Watu wakatazamana. Nikamsikia shangazi, mama yake Wafula, akinong'ona, "Pole, mtoto. Amesahau." Nikamwona Mwalimu kule nyuma amesimama, mdomo wazi, kichwa kikienda huku na huku kusema hapana. Sikuelewa anakataa nini. Nilikuwa nikihesabu. Nne, na nne tena. Nikapiga mstari wa pili, nikaufungua mlango wa pili.

Ndipo Mzee Kamau, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yetu na ng'ombe wake kila asubuhi ya Mungu, akasema kwa sauti kutoka kiti cha tatu, kama mtu aliyeulizwa:

"Wanyonyi, umeamkaje!"

Mama mmoja akashika kinywa. Mimi nikapiga mstari wa tatu, na nilipoinua mkono sauti ya pili ikatokea upande mwingine, ya mama wa duka: "Wanyonyi, mahindi iko namna gani!" Mstari wa nne, na sasa walikuwa watatu, wanne. "Wanyonyi, tuonane sokoni!" "Wanyonyi, hiyo ndama bado haujauza?" Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Wote waliowahi kumkatiza baba walikuwa wakimkatiza tena, na kila mmoja alijua ni mahali gani hasa pa kuingilia. Dole gumba langu halikusimama. Nilifika mwisho wa wimbo ambao sikuwahi kumsikia baba akiufikia.

Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kamau alikuwa amevua kofia.

Mwalimu akapita katikati ya viti na buti zake, akainama karibu nami. "Hizo nafasi umetoa wapi?"

"Kwako. Si wewe ndiye ulikuwa unasema ngoja?"

"Mtoto! Mimi nilikuwa nangoja netwaki!" Akajipiga kipaji cha uso. "Na mimi nikisikia ukikatika nasema ni netwaki!"

Walio karibu waliangua kicheko, habari ikapita kutoka kiti hadi kiti, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba nyumba ile ilicheka bila kujizuia. Nikaona uso unaniwaka. Nikasema moyoni, basi, nimekosea wimbo mzima, mbele ya watu wote.

Wafula ndiye aliyesimama. Hakumngoja Baba Mdogo ampe nafasi.

"Wazee, mimi ndiye niliomba, na mimi ndiye naachilia," akasema. "Mimi nimepiga wimbo. Huyu amepiga mjomba mwenyewe, na majirani wake wote. Hiyo siwezi kubeba kwa pikipiki." Akageuka kwangu. "Lakini nyuzi za chini zimezeeka, sista. Nitakuletea zingine. Na usiziache zimekazwa mvua ikinyesha."

"Sawa," nikasema.

Baba Mdogo alikuwa amebaki amesimama, mikono nyuma. Aliwatazama wazee, nao wakatikisa vichwa kukubali. Akamtazama Nafula na chupa yake. Akamtazama Nanjala, aliyekuwa amekuja kujipenyeza kati ya goti langu na gita na kushika sketi yangu kwa ngumi.

"Na hawa wadogo?" akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

Wafula akamjibu. "Hawa wana mwenyewe."

Niliogopa nikisema neno mtu atakumbuka umri wangu. Nilishika shingo ya gita na mkono wa Nanjala kwa mkono mmoja, nikangoja. Baba Mdogo akakohoa. Tangu asubuhi alikuwa ndiye anayeamua nani akae wapi, lini waimbe, lini waombe, na mimi nilikuwa nikitumwa maji na kuni kama kawaida ya msichana wa nyumbani. Sasa akanisogelea hatua mbili, akasimama mbele ya kile kigoda, akashusha sauti kama anavyoishusha mgeni anapozungumza na mwenye nyumba.

"Mama," akasema, "hawa watu wale sasa, ama wangoje?"

Nikatazama turubai, nikatazama moshi wa jikoni.

"Wale," nikasema. "Chakula kiko tayari."